Kijivu Kisichokuwapo: Kutoka Mchongo wa Aruwimi hadi Skrini ya Kompyuta

Tarehe 1 Februari 1877, mitumbwi ya wenyeji wa mlango wa mto Aruwimi, ilipo Basoko ya leo katika jimbo la Tshopo, ilipambana na msafara wa Stanley uliokuwa ukitoka kwenye maporomoko ambako Kisangani ilikuja kujengwa. Mwaka 1878 pambano hilo lilionekana katika kitabu chake kama picha ya kuchongwa. Mtambo wa chapa ulijua wino mweusi tu. Ili ngozi, maji na mawingu vitofautiane, mchongaji alikaza mistari hapa, akaitawanya pale, na jicho la msomaji likaona kijivu ambacho hakikuwapo karatasini. (Jina lenyewe limeazimwa kwa majivu: vivumishi vya asili vya rangi katika Kiswahili ni vitatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu.) Kwa hiyo weusi wa nyuso za watu wa Aruwimi uliamuliwa na mkono wa fundi wa Ulaya, wala si na jua la mtoni.

Nukta zilipunguza mamlaka ya mkono huo. Gazeti la Daily Graphic la New York lilichapa picha ya kamera kwa nukta tarehe 4 Machi 1880. Nukta nene zilileta giza, nyembamba mwanga.

Skrini ya kompyuta ilirithi tatizo lile lile. Kina cha rangi hupimwa kwa biti: biti 1 hutoa rangi 2, biti 8 hutoa 256, biti 24 hutoa 16,777,216. Biti zisipotosha, nukta hutawanywa. Katika mbinu ya Floyd na Steinberg, iliyochapishwa mwaka 1976, nukta ya kijivu hupewa nyeusi au nyeupe, ile iliyo karibu nayo zaidi, na kosa linalobaki hugawiwa majirani: 7/16 kulia, 5/16 chini, 3/16 chini kushoto, 1/16 chini kulia. Hesabu hiyo haibagui uso na maji.

Hata hivyo uamuzi haukutoweka. Ulihamia kwa aliyechagua rangi za kuanzia. Kadi ya CGA ya IBM, ya mwaka 1981, ilionyesha rangi 4 tu kwa pamoja katika picha ya nukta 320 kwa 200. Seti yake moja ilikuwa na samawati, waridi iliyokolea, nyeupe na rangi ya nyuma, ambayo kwa kawaida ilikuwa nyeusi. Kahawia haikuwamo. Uso wa mtu, awe wa Basoko au wa London, katika seti hiyo ulilazimika kuungwa kwa hizo. VGA ya mwaka 1987 ilileta rangi 256 kwa vipimo hivyo hivyo.