Nyaya za Katanga: Umeme wa Maji, Shaba na Ndoto ya Betri

Mtaa wa Bel-Air, ulio katika komini ya Kampemba, ni sehemu ya Lubumbashi, mji wa Katanga, nchini Kongo (DRC), ambao Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, na historia ya umeme wake haitenganiki na ile ya tanuru za madini. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuzalisha umeme wa maji Mwadingusha, katika mto Lufira, mwaka 1930, na katika miaka ya 1950 yakafuata mabwawa ya Koni, Nzilo na Nseke. Kwa hiyo nishati safi, yaani ile isiyotokana na kuchoma mafuta wala makaa, ilikuwepo Katanga zamani, ila iliandaliwa kwa ajili ya shaba kabla ya wakazi.

Rais Mobutu alipotaifisha kampuni hiyo mwaka 1967, na shirika lililoirithi likaja kuitwa Gécamines, umiliki ulibadilika lakini nyaya ziliendelea kuelekea migodini. Laini ya Inga-Shaba, iliyoleta umeme kutoka mabwawa ya Inga, magharibi mwa nchi, hadi Katanga (wakati huo ikiitwa Shaba), ilikuwa na urefu wa kilomita 1,700 hivi na ilikamilika mwaka 1982 kwa mikopo mikubwa ya nje. Ilitumia mkondo mnyoofu, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, ambao hupotea kidogo safarini lakini hauchotwi njiani pasipo mitambo ya gharama kubwa, hivyo vijiji vilivyo chini yake vikabaki gizani. Wachambuzi wengi wanadai kwamba serikali ya Kinshasa, ikikumbuka kujitenga kwa Katanga mwaka 1960, ilitaka swichi ya jimbo hilo iwe mikononi mwake. Dai hilo lina uzito, kwa kuwa mto Lualaba, ulio Katanga kwenyewe, ulikuwa na maporomoko ambayo yalikuwa bado hayajatumika.

Sheria ya mwaka 2014 iliondoa ukiritimba wa SNEL, shirika la umeme la taifa, na miongoni mwa waliowekeza ni kampuni ya Ivanhoe, iliyokarabati Mwadingusha kwa ajili ya mgodi wa Kamoa-Kakula. Mwaka 2018 serikali iliitangaza kobalti, inayotumika katika betri, kuwa madini ya kimkakati na kupandisha mrabaha wake, yaani malipo ya mchimbaji kwa serikali, hadi asilimia 10. Aprili 2022 ikatia saini makubaliano na Zambia ya kutengeneza viambato vya betri, na Februari 2025 ikasimamisha usafirishaji wa kobalti. Hatua hizo ni za ujasiri, lakini kiwanda cha betri, kikijengwa, kitagombea umeme ule ule ambao migodi huupata kwanza na nyumba za Kampemba baadaye.