Stesheni, Steji na Kituo: Safari ya Neno la Kilatini Hadi Voi

Abiria ateremkaye kutoka garimoshi huko Voi huwa amefika "stesheni". Akitaka gari la kwenda Wundanyi au Taveta, ataelekezwa "steji". Akiibiwa mzigo wake, atapiga ripoti "kituo cha polisi". Na akiwa ni Mkatoliki, akifika Bura Ijumaa ya Kwaresima, ataifuata Njia ya Msalaba "kituo" baada ya "kituo", hata atimize vituo kumi na vinne. Katika mahali hapo panne, Mwingereza angetumia neno lake "station" mara tatu. Wako wanaoiona hali hii kuwa ni kasoro ya Kiswahili, wakashauri kwamba kila neno la kigeni lipewe kisawe kimoja, nacho kitumike popote. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba historia ya neno lenyewe haiungi mkono shauri hilo.

Asili ya neno ni kitenzi cha Kilatini "stare", yaani kusimama. Kutokana nacho lilipatikana jina "statio", lililokuwa na maana ya kusimama mahali, ya lindo la askari, na ya mahali pa kutia nanga. Mwanzoni mwa karne ya 3, Tertullian wa Carthage, mji uliokuwa katika nchi ambayo sasa ni Tunisia, alilitumia kwa siku za kufunga za Wakristo, akalihusisha na desturi ya askari walinzi. Basi hata kabla ya kurithiwa na lugha nyingine, neno hili lilikwisha kuwa na maana ya mlinzi, ya baharia na ya mcha Mungu.

Warithi wake hawakugawana sawasawa. Waitalia walipata maneno mawili: "stazione", ambapo garimoshi husimama, na "stagione", majira ya mwaka. Wahispania na Wareno walibaki na moja moja, "estación" na "estação", na kila moja hubeba maana zote mbili, ya reli na ya majira. Wafaransa hupanda garimoshi katika "gare". "Station" yao ni ya reli za chini ya ardhi mjini, au mji wa mapumziko milimani. Mjerumani naye husafiri kutoka "Bahnhof", na akisema "Station" aghalabu anataja wodi ya hospitali. Waingereza ndio waliolitwisha neno hili mzigo mkubwa kupita wote: reli, polisi, misheni, na hata cheo cha mtu katika jamii. Neno lao la vifaa vya kuandikia, "stationery", latokana na wauza vitabu waliokaa mahali pamoja, tofauti na wachuuzi waliozunguka.

Katika Taita neno lilikuja na watu wa namna mbalimbali. Mwaka 1883 J. A. Wray wa Church Missionary Society alianza kazi Sagalla. Mwaka 1892 Mapadre wa Roho Mtakatifu, shirika lenye asili ya Ufaransa, waliingia Bura. Makao ya namna hiyo Waingereza waliyaita "mission station", lakini Kiswahili kilichukua sehemu ya kwanza tu, kikasema "misheni". Sehemu ya pili ilingoja reli, ambayo ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ikapita Voi kabla ya mwaka 1898 kwisha. Sauti ya "-sheni" yenyewe yatoa ushahidi kwamba mkopeshaji ni Mwingereza. Wareno, waliojenga Fort Jesus kuanzia mwaka 1593, walituachia "meza", na pia "gereza", ambalo kwao, "igreja", ni kanisa. Lakini zama zao hazikuwa na garimoshi. Wajerumani walioitawala Moshi, jirani ya Taveta, waliacha "shule" na "hela". Neno hukopwa pamoja na kitu chake.

Ndipo vita vikaja. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta. Mwaka 1915 Waingereza walianza kutandika reli ya kijeshi kutoka Voi kuelekea magharibi, na makambi yao yakasimama Maktau na Mbuyuni. Maana kongwe ya "statio", lindo la askari, ikarudi katika nchi kavu ya Taita. Mwaka huohuo, baada ya Wajerumani kushambulia Kasigau, serikali ya kikoloni iliwashuku wenyeji kuwa wamewasaidia adui, ikawahamishia Malindi, na wengi wakafia huko. Askari walipata mahali pa kusimama. Wakasigau walipoteza mahali pa kutua.

Tofauti hiyo ya kusimama na kutua ndiyo hasa inayolitenga neno "kituo". Asili yake ni "tua": mpagazi hutua mzigo, ndege hutua mtini, jua hutua jioni. Misafara iliyotoka pwani kwenda Kilimanjaro ilipita nchi hii, na Taveta ilijulikana kuwa mahali pema pa mapumziko. Katika ushairi, kituo ni mshororo wa mwisho wa ubeti, pale wazo linapopumzika. Na mtu asiyetulia husemwa kuwa hana kituo. Kwa hiyo waliotafsiri ibada ya Njia ya Msalaba wakachagua "kituo" hawakukosea hata kidogo, kwani anayezungumziwa pale amebeba mzigo.

Wala "steji" si mgeni katika ukoo huu. Asili yake ya Kiingereza, "stage", ilipitia Kifaransa cha kale kutoka katika "stare" ileile. Abiria akivuka mpaka wa Taveta akaingia Holili, nchini Tanzania, atasikia "stendi", neno la asili ya Kijerumaniki ambalo ni binamu wa mbali wa "stare".

Tangu mwaka 2017, reli mpya ilipofunguliwa, Voi ina stesheni mbili, ya zamani na mpya, na msemaji hazichanganyi na kituo wala na steji. Kiswahili kimefanya kama Kiitalia na Kifaransa: kimegawa kazi kwa maneno. Kulifuta "stesheni" kwa ajili ya usafi wa lugha, au kulitanua "kituo" mpaka lizibe kila pengo, kutampotezea abiria njia. Mtunga istilahi na aanze kwa kuuliza neno latumika wapi, na nani, na kwa kazi gani. Asili yake ya Kilatini ije baadaye.