Mwenzi msaidizi: kazi ya kumsindikiza mgonjwa wa akili na mtu anayeacha pombe

Mwenzi msaidizi ni mtu aliyepitia mwenyewe ugonjwa wa akili au utumwa wa pombe na madawa ya kulevya, akapata nafuu, kisha akafundishwa ili amsindikize mwingine anayepita njia ile ile. Madaktari wetu wanaozungumza Kifaransa humwita pair-aidant. Si daktari, si muuguzi, wala hachukui nafasi ya mchungaji. Kinachomfanya afae ni kwamba njia hiyo ameitembea kwa miguu yake.

Tunaandika haya kwa ajili ya wachungaji, wazee wa kanisa, vikundi vya akina mama na vijana wa Bukavu na makanisa yote ya Kivu. Watu wanaoweza kufanya kazi hii wameketi tayari kwenye viti vyetu kila Jumapili. Lakini makanisa mengi huwajua kama watu wa kushuhudia tu, na kushuhudia si kazi ile ile.

Kazi hii ilitoka wapi

Tarehe 10 Juni 1935, katika mji wa Akron huko Marekani, daktari mmoja mlevi, Bob Smith, alikunywa kwa mara ya mwisho. Aliyemsaidia alikuwa mfanyabiashara aitwaye Bill Wilson, naye mlevi aliyekuwa ameacha miezi michache tu kabla. Wilson alikuwa ametambua kwamba yeye mwenyewe husimama imara zaidi anapozungumza na mlevi mwenzake. Kutoka kwa watu hao wawili kikatokea chama cha Alcoholics Anonymous, ambacho leo vikundi vyake viko duniani kote.

Karibu na kwetu mifano ipo. Zanzibar, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, kumefunguliwa nyumba za upataji nafuu ambazo wengi wa wanaoziongoza ni watu waliowahi kutumia heroini wenyewe. Uganda, chama cha watu waliowahi kuugua, Heartsounds Uganda, kilishirikiana na hospitali ya Butabika ya Kampala ili wenzi waliofundishwa wawatembelee nyumbani wagonjwa waliotoka hospitali. Kuanzia mwaka 2018 Kampala na Dar es Salaam ziliingia katika utafiti mkubwa uitwao UPSIDES, pamoja na miji ya Ujerumani, India na Israeli, kuangalia kazi hii inavyofaa katika nchi tajiri na nchi maskini. Nalo Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2019 mwongozo wa kuianzisha.

Hali ya Bukavu

Shirika hilo la Afya linakadiria kwamba mahali palipopita vita, mtu 1 kati ya 5 ana tatizo la afya ya akili la namna fulani. Bukavu haihitaji kuelezwa vita ni nini. Mji umepokea wakimbizi tangu 1994, umepita miaka ya 1996 na 2004, na tangu vita vilipofika tena katikati ya Februari 2025 familia nyingi zimepoteza kazi, akiba na usingizi.

Msaada wa kitaalamu upo, ingawa ni mchache ukilinganisha na mahitaji. Wagonjwa wa akili hupelekwa kwenye kituo cha SOSAME, cha shirika la Kikatoliki la Frères de la Charité. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999 chini ya kanisa la CEPAC, huwasaidia wanawake waliotendewa jeuri kwa njia nne pamoja: matibabu ya mwili, msaada wa moyo na akili, msaada wa sheria, na msaada wa kuanza maisha upya. Cité de la Joie ilifunguliwa mwaka 2011 ili kuwapokea wanawake wa namna hiyo na kuwaandaa ili wakirudi kwao wawe viongozi kati ya wenzao.

Lakini mgonjwa hukaa hospitali siku chache, kisha hurudi Kadutu, Bagira au Ibanda, kwenye nyumba ile ile na majirani wale wale. Daktari hayuko pale saa nne za usiku. Pengo hilo, kati ya mlango wa hospitali na mlango wa nyumba, ndilo shamba la mwenzi msaidizi.

Anafanya nini

Kazi yake ya kwanza ni kukaa na mtu bila kumhukumu na bila haraka. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipoketi naye chini kimya. Matatizo yalianza walipofungua vinywa kumweleza kwa nini anateseka.

Kazi ya pili ni kumsaidia abaki kwenye matibabu. Dawa nyingine za ugonjwa wa akili hukaza shingo, hutetemesha mikono au huleta usingizi mzito. Mgonjwa akiona hivyo huzitupa, na jamaa husema zimemzidishia. Mwenzi aliyewahi kuzimeza anaweza kusema: «Mimi pia zilinikaza hivyo. Turudi kwa daktari, anaweza kupunguza au kubadilisha.» Kisha wanapanda motari, wanakwenda pamoja. Neno hilo likitoka kwa muuguzi husikika kama amri, ila kwa mwenzi ni habari ya mtu aliyefika ng'ambo.

Kwa anayeacha pombe, mwenzi hujua mahali mitego ilipo. Pombe kwetu si ya kilabuni tu. Kasiksi hupokea wageni, bia huingia katika mambo ya mahari na harusi, lutuku na vichupa vya pombe kali huuzwa kwa bei ya chini karibu na nyumba. Kwenye matanga, kukataa glasi kunaweza kuonekana kama kumkataa mwenye msiba. Mwenzi humsaidia mtu kujiandaa kabla: atakwenda na nani, atashika chupa gani ya sukari mkononi, ataondoka saa ngapi, atampigia nani simu tamaa ikimshika.

Kazi ya tatu ni familia. Mama aliyelala miezi sita akimlinda mtoto asitoroke naye amechoka. Mwenzi humweleza kwamba mwanawe si mvivu wala hakurogwa kwa sababu amelala mchana, na kwamba ugonjwa wake unaweza kupoa.

Mipaka yake

Hapa tunaomba wasomaji wetu wasome polepole, kwa maana maisha ya watu yanategemea jambo hili.

Mtu aliyezoea kunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu asikatishwe ghafla nyumbani au kwenye chumba cha maombi bila kuonwa na daktari. Mwili uliozoea pombe, ikiondolewa mara moja, unaweza kuleta degedege kati ya saa 6 na saa 48 baada ya glasi ya mwisho. Siku ya pili hadi ya nne anaweza kutetemeka, kuwaka homa, kuona vitu visivyokuwapo na kuchanganyikiwa. Hali hiyo inaweza kuua. Wengine wakimwona hivyo husema pepo wanapigana naye, nao humfunga kamba na kumtangazia mfungo. Kukosa maji na chakula kunaongeza hatari. Hospitali zina dawa za kumtuliza na vitamini za kulinda ubongo wake. Tumwombee tukiwa njiani kumpeleka, na tuendelee kumwombea akiwa kitandani.

Mwenzi hamwambii mtu aache dawa, wala hambadilishii kipimo. Dawa za kifafa zikiachwa ghafla zinaweza kurudisha degedege mbaya kuliko za kwanza.

Mtu akisema anataka kufa, mwenzi humwuliza waziwazi kama amefikiria namna ya kujiua. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo. Mara nyingi kunamfungulia mlango wa kusema. Baada ya hapo hamwachi peke yake, huondoa karibu naye sumu, kamba na visu, na humfikisha kwa daktari siku ile ile. Hiyo ndiyo siri pekee asiyoiweka peke yake, naye humwambia mtu hivyo tangu siku ya kwanza.

Siri nyingine zote hubaki kwake. Hazipeleki kwa wazee wa kanisa, hazifanyi kuwa ombi la maombi lenye jina, hamwambii mkewe. Hakopeshi fedha, hapokei malipo kutoka kwa mgonjwa, na mwanaume hamsindikizi mwanamke peke yake nyumbani.

Ushuhuda na usaidizi

Tunaujua na kuupenda ushuhuda. Mtu anasimama mbele, anasema alikuwa mlevi, Bwana amemfungua, kanisa linapiga vigelegele. Ushuhuda hutazama nyuma, nao humalizika kwa ushindi.

Mwenzi msaidizi huzungumza kwa namna nyingine. Anaongea na mtu mmoja, kwa sauti ya chini, na habari yake haijaisha. Anaweza kusema: «Juzi nilipita mbele ya kilabu, nikasimama. Nikampigia ndugu fulani, nikaenda nyumbani.» Anayeanguka kila wiki hawezi kujiona katika habari ya mshindi, ila katika habari hii anajiona.

Kuna hatari pia. Mtu aliyeacha pombe wiki tatu, akitangazwa mbele ya watu mia tano kuwa amepona kabisa, akianguka atamwendea nani? Aibu itamfungia mlango wa kanisa, mahali alipohitaji zaidi kuja. Kuanguka tena hutokea kwa wengi wanaoacha pombe na madawa. Mwenzi haliiti jambo dogo, lakini huuliza: nini kilitangulia, na tutafanya nini kesho? Kwa hiyo vikundi vingi hushauri mtu akae angalau mwaka mmoja katika nafuu kabla ya kumsindikiza mwingine.

Mtume Paulo, mwanzoni mwa barua yake ya pili kwa Wakorintho, anaeleza kwamba Mungu hutufariji katika dhiki ili nasi tuweze kuwafariji walio katika dhiki. Hatusomi pale kwamba dhiki ya mfariji lazima iwe imekwisha. Paulo mwenyewe, mistari michache mbele, anakiri kwamba huko Asia alilemewa hata akakata tamaa ya kuishi.

Kanisa la mahali lifanye nini

Lianze na watu wachache, wawili au watatu, mwanamume na mwanamke, ambao wenyewe wamekubali na ambao daktari au muuguzi wao ameona wako imara. Limwombe muuguzi wa kituo cha afya cha karibu, au mtaalamu wa hospitali, awafundishe na kukutana nao kila mwezi, kwa maana anayebeba huzuni za wengine naye huhitaji mahali pa kuitua. Liwalipie nauli na simu. Kazi ya huruma isiwe ya kumaliza chakula cha watoto wao. Lisiwapangie watu wengi kupita kiasi. Na mwenzi akiugua tena, asifukuzwe katika huduma kama aliyeaibisha jina la Bwana. Apumzike, atibiwe, naye asindikizwe.

Mchungaji atabaki na kazi yake ya Neno na maombi, daktari na ya dawa. Kati yao kuna barabara ndefu yenye vumbi, ya kutoka SOSAME au Panzi hadi nyumbani. Anayeijua vizuri barabara hiyo labda ni yule ndugu anayeketi kiti cha nyuma na kuondoka kabla ya baraka. Tumwulize kwa upole kama yuko tayari, naye akisema bado, tumngojee.