Simu ikikuonya kuhusu faili: onyo lipi la kawaida, lipi la kukimbia

Mfanyabiashara wa dagaa pale mwaloni Kirumba, Mwanza, anapokea link nyingi kwa siku kwenye magrupu ya WhatsApp: bei za mzigo, tangazo la mkopo, majina ya walioitwa kwenye usaili, "WhatsApp mpya" yenye rangi nzuri. Akigusa link, kivinjari kinatoa onyo. Mara ya kwanza anabonyeza kuendelea na hakuna kibaya kinachotokea. Mara ya kumi hata hasomi. Na simu hiyo hiyo ndiyo ina hela za mzigo na namba za wateja wake wote, kuanzia Ukerewe hadi Musoma.

Shida ni kwamba maonyo hayo hayasemi kitu kimoja.

Linaloonekana zaidi ni lile la kwamba faili linaweza kudhuru kifaa chako. Chrome kwenye Android hulitoa unapotaka kupakua APK nje ya Play Store, hata kama APK yenyewe ni safi. APK ni programu nzima, siyo picha wala waraka. Kwa hiyo onyo hili halimaanishi faili ni baya, linamaanisha kivinjari hakiwezi kukuhakikishia. Hapo jiulize swali moja tu: je, nilikuwa natafuta programu?

Chukua mfano wa matangazo ya kuitwa kwenye usaili. Sekretarieti ya Ajira hutoa majina kwenye tovuti yake kwa PDF, bure. Ukigusa link ya "majina" halafu simu ikataka kukushushia APK, hayo siyo majina. Angalia herufi za mwisho kabisa za jina la faili. "majina.pdf.apk" ni APK, hiyo PDF ya katikati ni pambo la kukuzuga.

GBWhatsApp nayo hupitia njia hii, kwa sababu haipo Play Store. Haikutengenezwa na WhatsApp wenyewe, na WhatsApp huwafungia kwa muda wanaotumia programu za namna hiyo. Anayeisakinisha anaweza kuwa anampa mtu asiyemjua mazungumzo yake yote. Wengi wanajua na bado wanaitumia, ila ni vizuri mtu ajue anachokilipia.

Onyo la pili ni zito zaidi: kivinjari kinasema faili ni hatari na kimelizuia. Hapa siyo kubahatisha tena. Google wana orodha ya tovuti na mafaili yaliyokwisha kugundulika kuwa mabaya, na Firefox nayo huitumia orodha hiyo. Fundi au rafiki akikwambia uzime ulinzi kwanza ili faili lishuke, achana naye. Kuhakikisha ulinzi wako umewaka kwenye Chrome, gusa nukta tatu, ingia Mipangilio, kisha Faragha na usalama, halafu Kuvinjari Salama. Kama imeandikwa hakuna ulinzi, rudisha ule wa kawaida.

La tatu linawachanganya watu: faili haliwezi kupakuliwa kwa njia salama. Hili linahusu njia, siyo faili. Tovuti inatumia http bila ile s ya mwisho, hivyo mtu aliye katikati, mfano mwenye WiFi ya bure stendi, anaweza kulibadilisha faili kabla halijakufikia. Jaribu kuandika anwani upya ukianza na https. Ikigoma, subiri.

Likija swali la kama unataka kupakua faili tena, hilo siyo la usalama kabisa. Faili tayari unalo, ukikubali unachoma bando.

Halafu kuna maonyo ya uongo. Ukurasa wa nyimbo au muvi unaanza kupiga kelele kwamba simu ina virusi, unatetemesha simu, unahesabu sekunde, unakutaka upakue "kisafishaji". Huo ni ukurasa unaongea, siyo kivinjari. Kivinjari kinapozuia kitu hakikuuzii dawa. Funga tab hiyo, usiguse hata kitufe cha kukataa kilichomo ndani yake.

Kuna mlango mwingine baada ya kupakua. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje hutolewa kwa kila programu peke yake. Ukimpa Chrome ruhusa hiyo kwa ajili ya APK moja, inabaki wazi mpaka uizime. Wengi husahau. Ingia kwenye mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana, zima zote.

Programu ikianza kuomba ruhusa, zisome kabla ya kukubali. Tochi au kalenda inayotaka kusoma SMS inatafuta nini? Mara nyingi ni namba za uthibitisho. Tapeli akipata ile ya WhatsApp, anaichukua akaunti yako na kuanza kuwaomba ndugu zako hela kwa jina lako. Google walianza Singapore, Februari 2024, kuzuia programu za nje zinazoomba ruhusa nyeti kama hizo, kisha wakaongeza nchi nyingine ikiwemo Kenya.

Kama umeshasakinisha na una wasiwasi, zima data kwanza. Ondoa programu. Ikigoma kuondoka, tafuta kwenye mipangilio sehemu ya programu za msimamizi wa kifaa, iondolee mamlaka, kisha ifute. Badilisha namba ya siri ya hela ukitumia simu nyingine, na piga 100 kwa mtandao wako. Piga *106# uone kama kuna laini usiyoijua imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ujumbe wa tapeli na namba yake upeleke TCRA kupitia 15040.