Mchungwa wa Riverside uliopewa mizizi mipya

Kwenye makutano ya barabara za Magnolia na Arlington, mjini Riverside, California, upo mchungwa mmoja uliozungushiwa uzio na kufunikwa chandarua. Mwaka 2023 ulitimiza miaka 150 tangu ufike mjini hapo, na bado unazaa.

Huu ndio mama wa michungwa ya Washington Navel ya California, ile yenye matunda ya kitovu. Asili yake ni Bahia, Brazil. Mwaka 1870 William Saunders wa Wizara ya Kilimo ya Marekani aliletewa kutoka huko miche 12, akaanza kuizalisha kwa kubebesha, yaani kuunganisha kikonyo chake kwenye shina la mche mwingine, kwani chungwa hili halina mbegu. Mwaka 1873 Eliza Tibbets wa Riverside akapelekewa miche michache. Husimuliwa kwamba familia yake ilipokosa maji ya mfereji, mama huyo aliimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Matunda yalipotia fora kwenye maonyesho ya 1879, kila mkulima alitaka vikonyo. Mji ukatajirika, lakini Luther, mume wa Eliza, alikufa fukara mwaka 1902.

Miti miwili ya Tibbets ilihamishwa ikiwa tayari mikubwa. Mmoja ulipelekwa hotelini, na Rais Theodore Roosevelt mwenyewe akashiriki kuupanda upya Mei 1903. Pamoja na heshima zote hizo, ulikufa mwanzoni mwa miaka ya 1920.

Wa pili, ndio huu uliopo hadi leo, uliokolewa na mafundi. Kumbukumbu za watafiti wa Riverside zinaonyesha kuwa uozo wa shina ulikuwa unaula, na mwaka 1918 wakaamua kuupa mizizi mingine. Ugonjwa huu huozesha gome karibu na ardhi, chakula kinachotengenezwa na majani kisifike mizizini, na mti ukafa njaa taratibu. Dawa yake ni kazi ya mikono. Miche michanga yenye mizizi imara hupandwa kulizunguka shina la mti mgonjwa. Kila mche hukatwa kichwa kwa mshazari, gome la mti mkubwa huchanjwa juu ya sehemu iliyooza, na ncha ya mche husokomezwa humo, gome kwa gome, ikabanwa na kuzibwa isiingie hewa. Magome yakishikana, mti mzee hulishwa kwa miguu ya wadogo. Mwaka 1951 kazi hiyo ilirudiwa.

Chandarua cha sasa ni kinga dhidi ya mdudu anayeeneza ugonjwa wa kijani wa michungwa, usio na tiba mpaka leo.

Nawapongeza watu wa Riverside, na nasikitika kwa upande wetu. Wilaya ya Muheza, Tanzania, inalisha masoko ya Dar es Salaam na Nairobi kwa machungwa ya miti iliyobebeshwa kwa mtindo uleule, lakini mti mama ukizeeka tunaupiga shoka tukachome mkaa. Mkulima ananunua mche kando ya barabara bila kuambiwa kikonyo kimetoka mti gani, wala shina la chini ni la aina gani, wakati shina hilo ndilo litakaloamua kama shamba lake litahimili uozo.

Halmashauri na vituo vya utafiti viitambue miti mama iliyobaki, viipime afya na kuiwekea uzio. Nawe mkulima, usilipie mche kabla muuzaji hajakujibu maswali hayo mawili.