Chema Kilichochelewa Kujiuza

Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huu ni kweli mara nyingi. Lakini maonyesho ya picha za Lee Krasner, yaliyofanywa katika jumba la Barbican, London, mwaka 2019, yalidhihirisha kuwa chema nacho huweza kukaa sokoni siku nyingi, ikiwa macho ya watu yamefunikwa na mazoea.

Aliyeingia humo akitafuta sura ya mtu, mti au nyumba hakuipata katika picha nyingi. Krasner, aliyezaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1908, alikuwa miongoni mwa wachoraji walioacha kuiga maumbo ya vitu, wakaziachia rangi na mistari ziseme yaliyo moyoni. Picha za namna hiyo hutazamwa kama ngoma isikilizwavyo: hatuulizi mdundo wafanana na nini, bali watugusa vipi.

Zilikuwamo picha zilizoundwa kwa vipande. Mapema katika miaka ya 1950 alichukizwa na michoro yake akairarua. Baadaye akaviokota vipande, akavibandika upya, na mwaka 1955 akavionyesha New York. Kilichokuwa takataka kikawa sanaa.

Kwa nini basi sifa zilichelewa? Mwalimu wake, Hans Hofmann, aliwahi kuisifu kazi yake kuwa ni nzuri hata mtu asingejua imefanywa na mwanamke. Sifa gani hiyo iliyobeba dharau mgongoni! Mwaka 1945 aliolewa na mchoraji Jackson Pollock. Jina la mume likakua kama mbuyu, la mke likabaki kivulini. Pollock alikufa katika ajali ya gari mwaka 1956. Mjane hakuiweka brashi chini. Mwaka uliofuata alichora "The Seasons", maana yake Majira, yenye upana upitao mita 5.

Maonyesho makubwa ya kazi za maisha yake yalifika Museum of Modern Art, New York, Desemba 1984. Krasner alikuwa amekufa mwezi wa Juni.

Makumbusho ni mizani ya historia, lakini mizani hushikwa na watu. Basi, msomaji, uingiapo humo, yatazame yaliyotundikwa ukutani, kisha uulize ni kazi za nani zilizosalia ghalani.