Kwaga: Jina Lililoficha Kifo cha Mnyama

Tamka "kwakha", ukiikwaruza "kh" kooni kama unavyosema "kheri". Ndivyo Wakhoikhoi wa Afrika Kusini walivyomwita mnyama wa nyanda za Karoo, kwa kuigiza mlio wake, kama sisi tulivyoipa pikipiki jina kwa mlio wa injini yake. Walowezi wa Kizungu wakalichukua jina hilo na kuliandika "quagga". Kwa Kiswahili tuseme kwaga.

Kwaga alikuwa punda milia wa aina yake. Kichwa, shingo na mabega vilijaa milia. Kuelekea makalioni milia ilififia, ikamezwa na rangi ya kahawia. Miguu ilikuwa myeupe. Karne ya 19 walowezi walimpiga risasi kwa ajili ya nyama na ngozi, na kwa kuwa alikula majani waliyoyataka kwa kondoo wao.

Jina ndilo lililomponza. Walowezi waliwaita punda milia wote "kwaga", awe mwenye milia mwili mzima au huyu wa kahawia. Aliyesema kwaga wapo tele hakudanganya. Ila aliowaona walikuwa wengine. Kwaga wa mwisho, jike, alikufa katika bustani ya wanyama ya Artis, Amsterdam, tarehe 12 Agosti 1883. Siku ile hakuna aliyejua kwamba kizazi kimekatika.

Mwaka 1984 wanasayansi walisoma vinasaba kutoka kwenye ngozi ya kwaga iliyohifadhiwa makumbusho; hakuna mnyama aliyetoweka aliyewahi kusomwa hivyo kabla yake. Baadaye ilibainika kuwa alikuwa spishi moja na punda milia wa nyikani. Katika sayansi, jina lililotangulia ndilo hushika. Kwa kuwa kwaga aliitwa Equus quagga tangu 1785, punda milia wa Serengeti na Maasai Mara naye leo hubeba jina hilo la marehemu.

Sisi nasi tuna neno moja kwa wanyama wawili. Kaskazini mwa Kenya, huko Samburu, yupo punda milia mwingine: milia myembamba, masikio makubwa ya duara, tumbo jeupe. Ulimwenguni wamebaki maelfu machache tu. Tunapowaona punda milia tele Mara, tusidhani na huyu yu salama. Tumtambue, tumpe jina lake, tumhesabu angali hai.